Uchawi Hakuna, Lakini Mbona Hazina Besi?

Mtu mwingine akiingia chumbani kwangu, humu ninamolala na kumiksi nyimbo, yaani kuzipatanisha sauti zake, akauliza "mbona hizi spika hazina besi?" nitamtoza kiingilio. Leo asubuhi ilikuwa zamu ya muuza chapati. Muuza chapati! Nimemwita anipe mbili za moto, sikumwita kutoa maoni. Anachungulia ndani, anazitazama spika, anatikisa kichwa kama daktari aliyepokea majibu mabaya, halafu ananipa pole: "Kaka, za shemeji yangu ni ndogo kuliko hizi, na zikiwashwa bati linacheza."

Nikanyamaza. Nimwambie nini? Kwamba hizo za shemeji ni sabufa za kuchangamsha watu, na hizi ni monita za studio, zimetengenezwa ziseme ukweli hata kama unauma? Saa moja asubuhi, mtu ana ndoo ya chapati mkononi?

Tena besi ipo. Ningekuwa na muda ningempeleka chumba cha jirani akaisikilize huko. Mliopanga mnanielewa: futi kumi kwa kumi, urefu sawa na upana. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, unapata hezi 56 hivi, yaani mitetemo 56 kwa sekunde, na kiki ya biti, lile pigo zito la ngoma, inaishi mitaa hiyohiyo. Wimbi hilo likigonga ukuta na kurudi linajirundika kutani, na katikati ya chumba linajifuta. Chumba kikiwa mraba ndiyo kabisa, maana kuta za urefu na kuta za upana zinakuletea balaa lilelile kwenye hezi ileile. Kwa hiyo mimi niliyenunua spika, ninayelipa umeme, nikikaa katikati napata makombo. Jirani ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta wangu anaipata besi yote, bure, tena akiwa amelala. Juzi kanisimamisha koridoni: "Ile ya jana umepunguza kiki. Irudishe."

Wajuzi wana ushauri mzuri sana. Spika zisibanane na ukuta wala kona. Kiti chako kikae asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande sawa, nyuzi 60 kila pembe, twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, zikutazame usawa wa sikio. Nimekubali. Sasa kitanda kiende wapi? Mtungi wa gesi? Madumu ya maji? Asilimia 38 ya chumba changu ni mita moja na sentimita 16, na hapo ndipo ulipokuwa mto wangu wa kulalia. Nimehamisha kitanda, sasa mlango unafunguka nusu. Mtu wa taaluma, naingia kwangu kiubavu.

Fundi seremala nilimpa vipimo kwenye karatasi, akaniletea stendi moja ndefu kuliko mwenzake, akasema sakafu yangu ndiyo imeinama. Nikapima. Sakafu kweli imeinama. Na stendi nazo hazilingani.

Kuna rafiki akaniletea trei za mayai nibandike ukutani. Trei ya mayai inapunguza ukali wa juu kidogo tu. Besi inapita zake haina habari. Walionufaika ni mende.

Lakini yote hayo ni heri kuliko siku ya kioo.

Ukuta wa pembeni nao unarudisha sauti, inakufikia nyuma kidogo ya ile iliyotoka kwenye spika yenyewe, na zikichanganyika muziki unakuwa na ukungu. Dawa yake inajulikana: wewe unakaa kitini, mwenzako anaburuza kioo ukutani; pale utakapoiona spika kwenye kioo, ndipo pa kutundika blanketi zito. Ni fizikia tupu. Basi nimeketi, nimenyooka, sitikisiki, maana kichwa kikisogea vipimo vinaharibika. Sakafuni nimevuta uzi mwekundu (dukani ulikuwepo huo tu) umefanya pembetatu, na alama za chaki kila pembe. Godoro limesimama konani, nimelifunga kwa khanga. Kompyuta inatoa mlio mmoja mnene unaopanda taratibu, uuuuu. Mtoto wa jirani anaburuza kioo, nami namwelekeza kwa sauti ya chini: "Sogeza… sogeza… simama! Ya kushoto imeshaonekana. Ya kulia bado haijaja."

"Nini haijaja?"

Mama mwenye nyumba, dirishani. Alikuja kudai mchango wa luku.

"Shikamoo mama."

"Nimeuliza, nini haijaja nyumbani kwangu?"

"Ni sauti, mama. Inatoka pale, inagonga ukuta, inanirudia mimi."

"Inakurudia wewe." Akashika kiuno. "Na ile ya usiku inayosukuma kitanda changu, hiyo inamrudia nani?"

Nikaona maneno hayatoshi, nimwonyeshe kwa vitendo. Nikasogea konani penye godoro la khanga, nikapiga makofi matatu ili asikie mwangwi. Mama akarudi nyuma hatua mbili, akapaza sauti mtaa mzima: "Mwiteni mjumbe!"

Mjumbe alikuja na msuli wake, nyuma yake nusu ya Manzese. Nikajieleza kwa heshima zote. Nikamwambia mambo ya spika yana historia yake, mzee wangu. Yamaha wa Japani walitoa spika iitwayo NS-10 mwaka 1978, wakiitengeneza kwa ajili ya sebuleni. Watu wa studio wakaichukua, ile yenye koni nyeupe, ikaenea studio za dunia nzima. Na kwa kuwa ilikuwa inachoma masikio huko juu, wengine walibandika karatasi ya chooni kwenye twita.

"Karatasi ya chooni," akasema mjumbe.

"Ndiyo, mzee."

Kuna aliyesema astaghfirullah huko nyuma.

Mjumbe akaruka uzi kwa uangalifu, akaketi kwenye kiti changu, akaamuru niwashe zilipendwa. Nikawasha. Akafumba macho. Akafumbua. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakazia macho ukuta mtupu wa mbele.

"Huyu mwimbaji yuko wapi?"

"Katikati hapo, mzee."

"Hapo mbona hakuna spika?"

"Hakuna. Spika zote mbili zinamtoa kwa usawa, sikio lenyewe ndilo linamweka katikati."

"Kwa hiyo hayupo."

"Hayupo."

"Lakini anaimba."

"Anaimba, mzee."

Mama mwenye nyumba akaondoka dirishani kabisa. Mjumbe alisikiliza wimbo mpaka mwisho, tena na mwingine, akasimama, akaweka kofia yake sawa, akawatangazia wananchi: "Uchawi hakuna." Kisha akanigeukia, kwa sauti ya chini: "Lakini mbona hazina besi?"

Nilitaka kulia.

Na mchango wa luku ukapanda. Hoja ya mama ni kwamba kitu kinachoimba bila kuwepo lazima kinakula umeme.

Hivi sisi tufanyie wapi hii kazi? Kila mtu anajisifia singeli imetoka uswahilini, kwenye vyumba hivihivi. Haya, njoo uimiksi humu. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, kiki ya kwanza haijamaliza kuvuma konani, ya pili ishaingia. Nakesha naitafuta ile hezi 56, naipandisha, naishusha, naenda kuisikiliza mlangoni, narudi. Asubuhi namtumia msanii. Anaisikilizia kwenye simu, ndani ya bajaji, tena spika ya simu ambayo hezi 56 haiwezi hata kuzigusa, ananiandikia: "Bro, kali. Ongeza besi." Naongeza nini? Naongeza kwa kutumia nini?

Halafu kuna suala la chandarua. Kitanda kimehama, msumari wa chandarua umebaki kulekule, kwa hiyo sasa kiti cha kazi ndicho chenye chandarua na mimi nalala wazi. Nimeomba ruhusa ya kupiga msumari mmoja tu. Nimejibiwa tutaongea nikilipa kodi ya miezi sita. Mbu hawasubiri kodi. Wanaanzia kushoto, wanapita katikati, wanaishia kulia, stereo safi ambayo sijawahi kuipata kwenye miksi yoyote. Nikiwasha feni wanatulia, lakini feni nayo inaunguruma na kugongagonga, siwezi kusikiliza chochote. Nikiizima, ni joto la Dar, mnalijua. Kuna mwenye feni isiyo na kelele anauza? Ya mtumba sawa. Isiwe ile ya kuzunguka, nafasi ya kuzungukia haipo.