Mfuko Tu, Fundi?

Asubuhi hii bwana mmoja mwenye suruali iliyonyooshwa pasi ameniuliza, kwa upole wa mtu anayetoa sadaka, kama nitamwachia mfuko wangu wa kitambaa kwa mia tano. Mia tano, ndugu zangu, katika jiji ambalo hata daladala ya karibu kabisa haikubebi kwa fedha hiyo.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tukaambiwa kwamba atakayekutwa nayo atalipa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, nilitia mafuta cherehani changu cha miguu nikasubiri heshima yangu. Waliokuja Kariakoo ni vijana wenye mifuko mbadala, ambayo huonekana kama kitambaa ingawa yenyewe imetengenezwa kwa plastiki, na ambayo ukiipa viazi viwili na nazi moja huanza kukuaga kabla hujafika kituoni. Hiyo hainunuliwi kwa maswali. Wangu, ambao hukatwa kwenye pamba nzito niliyokwisha kuifua ili isije ikasinyaa mikononi mwa mteja, ukapigwa mshono mara mbili na kila mshikio ukafungwa kwa mraba wenye msalaba ndani, hukaguliwa kama hati ya kiwanja.

Mama mwenye nyumba wangu ndiye mkaguzi mkuu. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku macho yakiwa tayari kwenye pindo. Aliposikia ni elfu nne, alikaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akasema, “Baba, mfuko tu?” Kisha akaagiza viazi viletwe. Vikaingia. Zikaletwa nazi, zikaingia. Ukaletwa unga wa sembe, na mjukuu wake, mtoto mwenye roho ya utafiti, akauongezea mchi wa kinu. Mfuko ukaning’inia mkononi mwa mama bila uzi kulia hata mmoja, nami nikajikohoza kidogo, kama inavyompasa fundi. Mama akautazama kwa huzuni, akasema kwamba mshikio ni mrefu kwake anapoushika mkononi na mfupi anapouvaa begani. Kwamba angependa mfuko wa ndani wa simu, lakini usiongeze bei. Tena, ukikunjwa, uenee kwenye pochi ya harusini. Nilimweleza, kwa adabu zote, kwamba kitambaa kinachobeba mchi hakikunjiki kama leso. Akanyamaza, akatamka neno ambalo mpangaji yeyote wa Dar es Salaam angelipokea akiwa amesimama: “Basi tutakata kwenye kodi.”

Moyo wangu uliruka, kisha ukakumbuka kwamba kodi ya miezi sita alikwisha kuila yote. Tutakata kwenye ijayo, akafafanua, ambayo, kwa bahati mbaya, inapanda. Akaondoka na mfuko, viazi ndani, na kutoka mlangoni akaagiza mingine ya kichen pati ya mpwa wake, yenye majina ya maharusi, kwa bei ya familia. Familia ipi, Mama? Mimi ni mtu wa chumba cha uani!

Wapo pia wanaoleta mapazia yaliyoliwa na jua wakitaka yatoke mifuko mipya, na wapo wanaorudisha mfuko uliobeba dagaa wakilalamika kwamba unanuka dagaa. Hao nawasamehe. Wauza nyanya, nao, humfungia mteja nyanya zake kwenye kifuko kile chepesi cha kufungashia, mbele ya mfuko wangu mtupu ulio wazi mkononi mwake, na mteja hupokea, hushukuru, huchukua hivyo vifuko vitatu, kisha huja kuniambia kwamba mfuko wangu ni mkubwa mno, hana cha kutia ndani!

Ningemjibu bwana wa mia tano vizuri zaidi, lakini nilikuwa nautafuta mkasi wangu wa nguo, ule usioruhusiwa kukata hata karatasi, ambao nimearifiwa kwamba uko jikoni ukikata mapezi ya perege.