Mjomba kaja Glasgow, utumbo umeniumbua

Jamani nyie mlioko bongo mnaoniambia eti nafaidi misosi ya kizungu, leo niacheni niseme. Nipo Glasgow, Skotlandi, mwaka wa sita huu, usiku nabeba boksi, mchana nalala, chakula changu ni wali maharage, napika Jumapili nakula mpaka Alhamisi. Hivyo vya kizungu nakutana navyo mgeni akija tu, maana mgeni hataki wali, anasema wali kauacha nyumbani.

Sasa Januari kaja mjomba, kaka yake mama, mtu wa Pangani, mtoto wa mvuvi, swala tano, hatii kitu mdomoni mpaka ajue kimechinjwa na nani. Tumetoka eapoti saa kumi na moja na nusu jioni giza totoro, kaniangalia kama mimi ndo nimelizima jua. "Mpwa wangu," akasema, "mi nataka nile wanachokula wenyewe."

Haya. Wanachokula wenyewe ni haggis. Mwaka wangu wa kwanza jamaa mmoja kazini aliniambia haggis ni mnyama wa milimani, miguu ya upande mmoja mirefu upande mwingine mifupi ili asianguke akizunguka mlima, na mimi na akili zangu timamu nikaamini miezi miwili, mpaka mama nikampigia simu nikamsimulia. Kumbe ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yanasagwa pamoja na oti, vitunguu, mafuta na pilipili manga, yanashindiliwa kwenye tumbo la huyo huyo kondoo linafungwa linachemshwa (siku hizi wengi wanatumia ngozi ya dukani kama ya soseji). Mkenya ukimwekea hii mezani anakwambia mutura, ile soseji yao ya utumbo, imenenepa. Marekani tangu 1971 hawaruhusu mapafu kwenye chakula kwa hiyo haggis yenyewe ya asili haiingii huko, na mi nikasema kumbe kuna watu bado wana akili.

Nikatafuta mpaka nikapata mahali wanauza ya halali, maana Glasgow hata utumbo una cheti. Sahani ikaja: haggis katikati, huku viazi vya kuponda wanaita tatties, huku neeps, ambayo ni mzizi fulani wa njano umepondwa pondwa kama chakula cha mtoto anayeota meno. Paundi 14. Mjomba akaonja, akatafuna taratibu, akaweka uma chini. "Huu si utumbo?" Nikamwambia ndio mjomba. "Umepanda ndege, ukaacha mama yako analia, uje kununua utumbo?" Nilikosa jibu, kwa sababu kule nyumbani supu ya utumbo nilikuwa naikimbia nasingizia tumbo linauma.

Na ubaya wenyewe nilimpeleka tarehe 25, ile siku wanayomkumbuka mshairi wao Robert Burns, kazaliwa tarehe hiyo mwaka 1759. Basi haggis haiji hivi hivi, inaletwa na mtu anapuliza zumari la mfuko, watu wanapiga makofi, halafu anasimama mzee mzima kavaa kilt, ile sketi ya wanaume wa huku, anaighania shairi. Anaighania haggis! Anaisifu anaisifu halafu ghafla anachomoa kisu anaipasua tumbo. Mjomba ametoka kwenye nchi ya mashairi yule, kashika kichwa. "Sisi tunamwimbia bibi harusi," akasema, "na hatumchomi kisu."

Asubuhi yake uji. Uji wa oti, na wale wa kizamani hawatii sukari, wanatia chumvi, wana na kijiti chake maalumu cha kukorogea. Mjomba akauliza nani anaumwa humu ndani. Black pudding sikuithubutu hata kuitaja, ile ni damu, tena kwa kawaida ya nguruwe, nikaona nitarudishwa Pangani kwa viboko. Nikampa ile soda yao ya rangi ya chungwa, Irn-Bru, ipo tangu 1901, akasema dawa ya kikohozi hii. Nikampa tablet, yaani sukari, siagi na maziwa ya kopo vimechemshwa vikagandishwa, ukiuma jino linakusalimia. "Kashata," akasema, "ila hawana nazi." Kwenye ile tamutamu ya cranachan, krimu na rasiberi na asali na oti, nikamwona anafurahia, kijiko kinapanda, nikakumbuka! Mjomba weka chini! Humo mna wiski! Na wiski ya Skotlandi siyo ya utani, haiitwi jina hilo mpaka ilale kwenye pipa la mwaloni miaka mitatu na isishuke asilimia 40. Alisukutua mdomo robo saa nzima, mimi nasimama na taulo kama mhudumu.

Kilichoniokoa ni samaki, na hapo nasema kweli, hawa watu kwa samaki heshima zao. Arbroath smokie, haddock wanafungwa wawili wawili mkiani wananing'inizwa juu ya moshi wa kuni ngumu, na sheria hairuhusu uite hivyo kama hukuwakaushia eneo la Arbroath. Mjomba akasukuma uma pembeni akaingia na vidole, kimya, akamaliza wote wawili akala na wangu. Halafu akafuta mikono akasema, "Hawa wanajua. Tatizo ni tui tu."

Nikajua nimepona. Kumbe karudi nyumbani, kaenda moja kwa moja kwenye grupu la familia la WhatsApp, katuma vois dakika saba: kijana ana hali mbaya, anakula mapafu, uji wa chumvi, jua hakuna, mkimwona amekonda msimuulize. Mama kalia. Shangazi kaanzisha mchango. Wiki jana nimepokea kwa mkono wa msafiri kilo mbili za sembe, dagaa, na nazi ya unga pakiti nne.

Nilitaka nijitetee, wallahi nimeshaandika na meseji ndefu. Halafu nikagundua huu mwezi wa pili hakuna aliyeniomba hela, hata shemeji wa bodaboda. Meseji nimefuta. Asubuhi hii nimewatumia picha ya bakuli la uji wa chumvi.