Mpangaji na vyoo kumi na viwili: nani anaubomoa Mji Mkongwe?

Muuza boflo, yaani mkate, wa mtaa wetu wa Kiponda katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hapigi kelele. Anapuliza honi ya baskeli mara mbili, anasubiri chini ya dirisha. Kikapu kinashuka kwa kamba kutoka ghorofa ya pili, ndani mna noti, na sauti inakifuata kutoka juu: "Tatu, mwanangu, na moja mgongee jirani." Kikapu kinapanda. Bi mkubwa mwenye kikapu hicho ana magoti yasiyopatana na ngazi, na ngazi za nyumba hizi ni za kukwea, si za kupanda. Anaweza kumaliza wiki nzima hajashuka. Lakini samaki wa mtaa wa Malindi anamfikia angali na ubichi, dawa inamfikia, habari ya msiba inamfikia kabla ya redio, na wajukuu zake wanatoka skuli wanakwenda chuo cha Kurani bila kuvuka barabara hata moja ya gari.

Nyumba anayokaa ni ya kupanga. Warithi wa nyumba hiyo ni kumi na saba, wengine Maskati, wengine Dubai, mmoja London. Kodi ni ndogo, paa linavuja upande wa magharibi, na ukumbi mmoja umegawanywa kwa mbao ukawa makazi ya familia mbili. Kila yanapoanza mazungumzo ya uhifadhi, yawe ya semina au ya barazani, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mtu kama yeye. Wapangaji wamejazana, wanapikia mahali palipokuwa pa kulala, wanamwaga maji ovyo, hawalipi kitu cha maana, na nyumba ndiyo hizo zinaanguka. Dawa inayotajwa hapo hapo ni mwekezaji: wapangaji wapewe kifuta jasho, nyumba igeuzwe hoteli, ipone.

Nianze na hoja ya mwekezaji, kwa sababu haina upuuzi. Nyumba ya mawe inataka pesa kila mwaka. Chokaa nzuri huachwa iive ndani ya maji kwa wiki kadhaa kabla ya kupakwa, na fundi anayejua kuipaka halipwi kibarua cha siku. Boriti za mikoko zilizonyooka hazipatikani kama zamani. Mtu anayekusanya kodi ndogo kwa familia nne hawezi kubadilisha boriti ishirini, hata angekuwa na moyo wa dhahabu. Mwenye hoteli anaweza, na wapo waliofanya hivyo vizuri: wakarudisha milango ya kuchongwa, wakaacha saruji, wakawapa mafundi wa chokaa kazi ya kudumu wakati ufundi wenyewe ulikuwa unakufa na wazee wake. Wageni nao si wachache. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya watalii 736,000, na sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi 1,889,773. Ni kama mgeni mmoja kwa kila wenyeji wawili na nusu. Wengi wanakwenda zao kwenye fukwe za Nungwi na Paje, lakini Mji ni lazima wauone, na pesa wanayoiacha Hurumzi au Forodhani inalisha watu ninaowajua kwa majina.

Hata bi mkubwa mwenyewe si adui wa mpango huo. Nilipomuuliza kama angekubali nyumba ya chini huko Fuoni, nje ya mji, isiyo na ngazi, macho yalimng'aa kabla hajajibu. Alifikiri kidogo, akauliza, "Na huko atanigongea nani?" Hakukataa wala hakukubali, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Sasa tuje kwenye maji, jambo ninalolisema mara nyingi mpaka watu wa nyumbani wameanza kunikwepa.

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mnene, nusu mita na zaidi, lakini usidanganyike na unene. Ndani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Ukuta huo ukiwa mkavu hubeba ghorofa tatu na nne kwa miaka mia na zaidi. Ukilowa, udongo unageuka uji, chokaa inaachia, chumvi inapanda, na ukuta unaanza kufanya tumbo. Waliojenga walilijua hilo. Vyumba ni vyembamba, mita tatu hivi, kwa sababu boriti haiwezi kuvuka zaidi ya hapo ikabaki salama. Choo kilikuwa kimoja kwa ghorofa, aghalabu pembe moja ya nyumba, kimoja juu ya kingine, ili penye unyevu pawe mahali pamoja panapojulikana na kutazamwa. Sehemu nyingine yote ya nyumba iliachwa kavu.

Igeuze nyumba hiyo iwe hoteli ya vyumba kumi na viwili. Mgeni wa leo halali chumba kisicho na choo chake, basi una vyoo kumi na viwili, mabomba kumi na mawili ya kuogea na mabomba ya maji machafu yanayopita ndani ya kuta ambazo hazikuwahi kupitishiwa kitu. Mgeni huoga akitoka ufukweni, huoga tena kabla ya chakula cha usiku. Juu ya paa kuna tangi la lita 5,000, yaani tani 5 zimekaa juu ya miti. Ukitia na kidimbwi cha kuogelea, hata kidogo cha mita tatu kwa tano na kina cha mita moja tu, hizo ni tani 15 nyingine. Bomba moja likivuja nyuma ya vigae, hakuna anayeliona mpaka rangi ya chumba cha chini ianze kubambuka, na hapo fundi huletwa kuziba kwa saruji. Saruji haipumui. Inafungia unyevu ndani, ukuta unaendelea kuoza huku uso wake unang'aa.

Bi mkubwa wa kikapu anaoga kwa ndoo moja. Maji hayo hupandishwa na kijana kwa madumu, na kitu kinachopandishwa kwa mgongo hakimwagwi ovyo. Sisemi kwamba umaskini ni njia ya kuhifadhi majengo. Ninasema tu kwamba tukihesabu lita zinazoingia ndani ya kuta kwa siku, sidhani kama mshitakiwa wetu angebaki kuwa yule yule.

Wapo watakaosema wenye hoteli makini hujenga fremu za chuma, hupitisha mabomba nje, huweka vyoo kwenye pembe ile ile ya zamani. Kweli. Hao nawavulia kofia, na ningependa wawe wengi. Lakini kufanya hivyo kunapunguza idadi ya vyumba vya kukodisha, na hapo ndipo hesabu ya biashara na hesabu ya ukuta zinapoachana.

Na kuna mfano mmoja ambao kila Mzanzibari anaujua, ila huwa hatuuoanishi na mada hii. Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililokuwa na taa za umeme na lifti wakati miji mingi ya eneo hili ilikuwa bado inawasha kandili, liliporomoka upande wake wa mbele tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Humo hamkuwa na mpangaji. Hamkuwa na mtu anayepika pweza ghorofa ya tatu wala mbao za kugawanya ukumbi. Lilikuwa jumba la makumbusho, mali ya serikali, linalojulikana duniani, na maji na miaka vililishinda. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba zinaanguka kwa sababu ya watu wanaokaa ndani yake, namuomba anieleze hii.

Nyumba yenye watu, kwa kweli, ina faida moja ambayo haimo kwenye ripoti: inasikilizwa. Boriti ikilia usiku, kuna aliye macho. Tone likianza kudondoka, kuna anayetega sufuria na kesho yake anamwita kijana wa kupanda juu kuangalia bati. Ni ukarabati duni, wa mabati na kamba, lakini ni wa kila siku. Nyumba nilizoziona zikifa haraka mtaani kwetu ni zile zilizohamwa na kufungwa kufuli zikisubiri mnunuzi. Misimu mitatu ya masika inatosha.

Kuhusu kodi ndogo, hapa watu wa nje, na hata baadhi yetu, hukosea. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Waliozitoa waliandika zinufaishe nani: kizazi chao, msikiti fulani, maskini, watumwa walioachwa huru na watoto wao. Kumpa mtu wa kipato kidogo mahali pa kukaa karibu na bahari na soko ndilo lililokusudiwa na hati nyingi za namna hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zikaongezeka nyumba zilizochukuliwa na serikali, zikaingia watu wa mashamba na wa Pemba waliokuwa hawana pa kukaa mjini. Mtu anaweza kubishana na siasa yake, na wapo waliopoteza nyumba zao ambao uchungu wao haujaisha hadi leo, nami siwezi kuwaambia waunyamazie. Lakini mpangaji wa leo, ambaye labda ni mjukuu wa yule wa 1964, hakuvunja mlango wa mtu.

Makosa wanayo. Kuna anayelipa kodi ya zamani kisha anampangisha mwingine kwa bei ya sasa na yeye kuhamia Mwanakwerekwe. Kuna nyaya za umeme zilizoungwa kwa plasta ambazo nikizitazama nasoma dua. Kuna jiko la gesi limewekwa juu ya sakafu ya boriti. Haya yanahitaji sheria na watu wa kuisimamia, na tangu 1985 ipo Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kwa kazi ya aina hiyo. Tatizo ni kwamba macho ya wakubwa huvutwa na majengo makubwa. Jumba la kale la Mambo Msiige, mtaa wa Shangani, lililofunguliwa kuwa hoteli ya Park Hyatt mwaka 2015, lilibishaniwa mpaka kwenye kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukumbi uliogawanywa kwa mbao hauna wa kuujadili.

Wapangaji wakihamishwa, kinachopotea kwanza ni kutembea. Eneo lote la urithi ni hekta 96. Mtu mzima mwenye afya anatoka Malindi hadi Vuga kwa dakika ishirini hivi, kivulini, kwa sababu vichochoro vilijengwa vyembamba ili jua lisipenye. Mama anayeuza urojo jioni anabeba sufuria yake mwenyewe. Mvuvi anarudi nyumbani na wavu begani. Mfanyakazi wa soko la Darajani anakula mchana nyumbani kwake. Mpeleke mtu huyo nje ya mji, Kwarara au Tunguu, hata kwenye nyumba nzuri kuliko ile aliyoiacha, na sasa ana nauli ya daladala kwenda na kurudi, sufuria haipandi daladala, na chakula cha mchana ananunua. Kifuta jasho alichopewa kinaliwa na nauli polepole, bila yeye kujua siku kilipoisha.

Halafu duka la mchele chini ya nyumba yake linafunga, kwa sababu wageni hawanunui mchele wa kupima. Panakuja vinyago na picha za tingatinga. Darasa la chuo linabaki na watoto sita. Muuza boflo ananiambia sehemu za Shangani ameshaacha kuzipita. Hoteli zinaoka mikate yao wenyewe, na honi yake imeshalalamikiwa.

Ningekuwa na sauti kwenye vibali, nisingezuia hoteli. Ningeuliza vyoo vingapi na viko pembe ipi, tangi lina uzito gani na limekaa juu ya nini, na ghorofa ya chini atabaki nani. Nyumba inaweza kuwa na wageni juu na duka la mchele chini; zipo zinazoishi hivyo bila ugomvi. Na kodi ya wapangaji ipandishwe kidogo, ndiyo, wengi wangelipa, kwa sharti kwamba ongezeko liende kwenye paa la nyumba ile ile na wao waone risiti.

Katika nyumba ya bi mkubwa wameshaanza bila kungoja mtu. Familia nne zilichanga, mabati yakanunuliwa kumi na manane, yakaletwa na gari la hamali mpaka mlangoni. Warithi kumi na sita wamekubali kwa simu. Yamelazwa ukumbini tangu mwezi wa Ramadhani, watoto wanayatumia kama ngoma, yakisubiri yule wa London ajibu.