Spika aliyesimamisha saa

Ukimtajia mtu wa Afrika Mashariki jimbo la Illinois, atakutajia Obama. Ni kweli, Obama alikuwa seneta wa jimbo hilo kuanzia 1997 hadi 2004, na wengi wetu tuliijua Illinois kupitia kwake. Lakini miaka hiyo hiyo, ungeuliza wazoefu wa makao makuu ya Springfield nani hasa ameshika usukani, wangekutajia mtu mwembamba, mkimya, asiyetumia barua pepe wala simu ya mkononi, ambaye inasemwa mlo wake wa mchana ulikuwa tufaha. Michael Madigan, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo. Alikikalia kiti hicho miaka 36, na hakuna kiongozi wa chombo chochote cha kutunga sheria Marekani, cha jimbo au cha taifa, aliyewahi kumfikia.

Februari 2025 mahakama ya Chicago ilimtia hatiani kwa mashtaka 10 kati ya 23. Kwa saba alionekana hana hatia, sita jopo halikuafikiana. Juni akahukumiwa miaka saba na nusu na faini ya dola milioni 2.5, na Oktoba, akiwa na umri wa miaka 83, akaripoti gerezani Morgantown, West Virginia. Wengi wanaanza kumsimulia kutokea hapo, kama hadithi ya fisadi aliyenaswa. Mimi hadithi hiyo inanichosha. Vitu vilivyompa Madigan nguvu karibu vyote vilikuwa halali, na hicho ndicho kinachonitisha.

Tuanzie nyumbani. Alizaliwa 1942, akakulia upande wa kusini magharibi wa Chicago, kata ya 13. Baba yake alikuwa msimamizi wa kata upande wa usafi, na alifahamiana vizuri na Meya Richard J. Daley, bwana mkubwa wa mji. Sisi tuliokua enzi za balozi wa nyumba kumi tunaweza kuuelewa mfumo ule bila kuchorewa ramani. Kila mtaa una mtu wa chama. Mti umeangukia ua wako, pipa la taka limepotea, theluji imeziba njia: unamgongea yeye. Kesho yake gari la manispaa linafika. Siku ya kura na yeye anakugongea. Vijana wa chama wanaochapa kazi wanapata ajira mjini. Mkono mtupu haulambwi, na Chicago walilijua hilo kuliko waswahili wenyewe.

Mwaka 1969, akiwa na miaka 27 na shahada ya sheria mpya kabisa, Madigan akawa kiongozi wa chama cha Democratic katika kata hiyo. Cheo kile hakikumtoka hata alipokuwa mkubwa kuliko magavana. Alikuwa pia mjumbe wa mkutano ulioandika katiba ya jimbo ya 1970, na Januari 1971 akaingia bungeni.

Hapo ndipo bahati na hesabu vinapokutana. Katiba ile iliweka kwamba tume ya kuchora mipaka ya uchaguzi ikigawanyika nusu kwa nusu, mjumbe wa kuvunja sare apatikane kwa kura ya kuchota. Ndiyo, kuchota, kama upatu. Mwaka 1981 jina lilichomolewa kwenye kofia ndefu ya aina aliyovaa Abraham Lincoln, likatoka la Democratic. Ramani ikachorwa na upande wa Madigan, na Januari 1983 akawa Spika.

Mwaka mmoja kabla ya kofia, wananchi walikuwa wamepiga kura kupunguza wabunge kutoka 177 hadi 118. Walikuwa na hasira na wanasiasa, na kampeni ile iliongozwa na kijana mwanaharakati, Pat Quinn, aliyekuja kuwa gavana. Mfumo wa zamani ulichagua watu watatu kila eneo, hivyo hata chama dhaifu kilipata mtu wake. Humo ndani kulikuwa na wakaidi wengi, wa vyama vyote, wasiomtegemea kiongozi. Mageuzi yakawafagia. Waliobaki walikuwa wa kiti kimoja kimoja, na mtu wa kiti kimoja huhitaji fedha, watumishi wa kampeni na ulinzi. Nani alikuwa navyo? Nadhani hili ndilo somo chungu kuliko yote kuhusu Illinois, na halimo kwenye hati ya mashtaka: watu walitaka kuwakata wanasiasa makali, wakamnolea mmoja kisu.

Bungeni silaha yake ilikuwa Kamati ya Kanuni. Muswada uliingia pale, na kama Spika hakuutaka, ulilala humo hadi ukaoza. Hapakuwa na kelele wala hotuba. Kuanzia 1998 akawa pia mwenyekiti wa chama jimbo zima, yaani aliyepanga ratiba ya miswada ndiye aliyegawa fedha za kampeni. Na jioni akawa wakili: kampuni yake iliwatetea wenye majengo makubwa ya Chicago wapunguziwe kodi ya majengo, wakati yeye mwenyewe akiongoza bunge linalotunga sheria za kodi. Halali kabisa.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la usiku wa Juni 30, 1988. Timu ya besiboli ya White Sox ilitishia kuhamia Florida, ambako uwanja ulikuwa tayari unajengwa. Gavana Jim Thompson, wa chama cha Republican, alikuwa ndani ya ukumbi akimshika huyu shati na yule mkono, akiomba kura za uwanja mpya. Tarehe ya mwisho ilikuwa saa sita usiku, kwani baada ya hapo sheria ingehitaji kura 71 badala ya 60 ili ianze kutumika mara moja. Kura zikafika 60 kwa 55 saa sita na dakika tatu. Lakini saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na Spika akatangaza kuwa ni saa tano na dakika 59. Kumbukumbu rasmi zikaandika hivyo. White Sox wako Chicago hadi leo.

Watu husimulia kisa hicho wakicheka, na mimi nimecheka pia. Ila hebu jiulize: siku hiyo nani alilalamika? Gavana wa chama pinzani ndiye aliyefurahi kuliko wote. Saa ya Madigan haikumkera aliyekuwa anapata kitu.

Simkatai kipaji chake. Mwaka 1994 chama chake kilipoteza baraza, kwa ramani waliyochora wapinzani, lakini miaka miwili baadaye akarudi juu ya ramani hiyo hiyo. Gavana Blagojevich alipokamatwa kwa ufisadi, baraza la Madigan lilipiga kura 114 kwa 1, Januari 2009, apelekwe kwenye Seneti kushtakiwa. Kisha akaja Gavana Bruce Rauner, tajiri wa uwekezaji aliyeapa kumng'oa. Wawili hao walivutana hadi jimbo likakaa zaidi ya miaka miwili bila bajeti kamili. Vyuo vikuu vikapunguza wafanyakazi, mashirika ya huduma kwa wazee na walemavu yakafunga milango. Fahari wawili wakipigana, tunajua nani huumia. Julai 2017 kura 71, idadi ile ile inayohitajika bila hata moja ya ziada, zikaizima kura ya turufu ya Rauner na kodi ya mapato ikapanda kutoka asilimia 3.75 hadi 4.95. Madigan alishinda. Lakini deni la pensheni za watumishi, lililokua miaka yote aliyokuwa Spika hadi likapita dola bilioni 100, lilibaki pale pale. Mtu mwenye uwezo wa kusimamisha saa alikosa muda wa kushughulikia hilo.

Kilichomwangusha, kwa kulinganisha, kilikuwa makombo. Kampuni ya umeme ya ComEd ilikiri mwaka 2020 kwamba tangu 2011 iliwapa watu wa Spika kazi na mikataba ili kumpendeza, ikalipa faini ya dola milioni 200. Kama dola milioni 1.3 zilikwenda kwa marafiki na makada wa mitaani ambao hawakufanya kazi yoyote ya maana. Katika mazungumzo yaliyonaswa, Madigan alisikika akimwambia swahiba wake Michael McClain kwamba baadhi yao wamejichotea kweli kweli. Sauti haina majuto. Inafanana na ya mzee anayezungumzia mavuno.

Kesi ilicheleweshwa kidogo ili kusubiri Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Juni 2024 iliamua, katika shauri la meya mmoja wa Indiana, kwamba sheria moja ya shirikisho inakataza rushwa inayotangulia tendo, si zawadi ya shukrani inayofuata baadaye. Mtanzania akisoma hivyo lazima atabasamu. Tuliwahi kuwa na takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kwenye sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ukarimu unaishia wapi. Madigan alipopanda kizimbani kujitetea alieleza kwamba kuwatafutia watu kazi ni jambo alilolizoea maisha yake yote. Namwamini. Kata ya 13 ilimlea hivyo, akaihamishia bungeni nzima nzima, akashindwa kuona kwamba pipa la taka na sheria ya umeme havipimwi kwa mizani moja.

Waliomwondoa hawakuwa waendesha mashtaka. Walikuwa wabunge 19 wa chama chake, wengi wao wanawake, walioapa mwishoni mwa 2020 kutompa kura. Hesabu ilikuwa rahisi: wabunge wa chama 73, ukitoa 19 hufiki 60. Januari 2021 akapata 51 kwenye kikao cha ndani, akajitoa, na Emanuel "Chris" Welch akawa Spika wa kwanza mweusi wa Illinois.

Februari akajiuzulu na ubunge pia. Kwa utaratibu wa jimbo, nafasi inapoachwa wazi, viongozi wa chama wa kata husika ndio wanaoteua mrithi, na mwenye uzito mkubwa zaidi wa kura katika uteuzi huo alikuwa yeye mwenyewe. Jumapili akamteua kijana wa miaka 26. Siku mbili baadaye, kwa tuhuma za mwenendo ambazo hazikufafanuliwa, akamtaka ajiuzulu, na kijana akatii. Alhamisi akateua mwingine.