Maji Yalishaungua Zamani

Imenifikia tena video ya "gari la maji". Safari hii ni jamaa amefungua boneti, kachomeka mpira kutoka kwenye kopo la maji hadi kwenye njia ya hewa ya injini, anapiga starta, injini inaunguruma, naye anaigeukia kamera kwa uso wa mshindi. Maoni chini yake ni yaleyale ya siku zote: "watamuua huyu", "kampuni za mafuta hazitakubali", na lile linalonichoma kuliko yote, "wasomi kazi yenu kukatisha watu tamaa". Katika umati wote ule sikuona hata mmoja aliyeuliza tangi la petroli lilikuwa na nini.

Sina ugomvi na mtu anayechafua mikono. Mwenye bisibisi na udadisi namheshimu kuliko mwenye mdomo tu, mimi nikiwemo. Ninachogombana nacho ni sentensi moja: "gari linatembea kwa maji", yaani umeme wa gari unayatenganisha maji ndani ya kopo kuwa gesi ya haidrojeni na oksijeni, na gesi hiyo ndiyo inayoendesha injini. Halitembei.

Haidrojeni ikiungua na oksijeni, kinachobaki ni maji. Basi maji ni majivu. Nishati yake ilishatoka kitambo, na anayetaka kuyarudisha majivu yawe kuni itabidi alipe joto lote lililotoka, na nyongeza juu yake. Mkataa huo haukutungwa na kampuni ya mafuta. William Nicholson na Anthony Carlisle waliyatenganisha maji kwa umeme mwaka 1800, hata magari hayajaotwa, na hesabu haijabadilika: kilo moja ya haidrojeni hutoa megajuli (kipimo cha nishati) zipatazo 142 ikiungua na kurudi kuwa maji, na kuitoa humo majini kunataka si chini ya hizohizo.

Hapo ndipo anapoletwa shahidi wao mkuu, alternata, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme wa gari. "Umeme tunautoa kwenye alternata, na alternata si inazunguka bure tu?" Haizunguki bure! Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anajua: ukiibana kwenye tairi, taa inawaka na papo hapo pedali zinakuwa nzito. Miguu yako ndiyo inayolipa bili ya ile taa. Kwenye gari ni hivyohivyo, ila anayelipa ni petroli, kwa hiyo huhisi kitu gotini. Acha injini iungurume taratibu gari likiwa limesimama, washa taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo kwa pamoja, halafu tega sikio. Kuna kusita kidogo, sauti inashuka, kisha injini inaongezewa mafuta na kukaa sawa. Kopo lako la maji nalo limeunganishwa palepale.

Tupige hesabu, maana kelele tumepiga sana. Chukua mafuta yenye nishati ya mia. Injini ya kawaida ya petroli inageuza kama thelathini kuwa kazi. Nyingine zinaishia kwenye rejeta na bomba la moshi. Zile thelathini zote, ukizipeleka kwenye alternata (na hapo gari lenyewe limesimama, halijaenda popote), zinakupa umeme wa kama kumi na nane. Kopo la kujitengenezea, ambalo maji yake yanachemka kwa sababu sehemu ya umeme inaishia kuwa joto, linakuachia gesi yenye kama kumi na moja. Halafu hiyo kumi na moja unairudisha kwa furaha kwenye injini ileile iliyokutoza sabini.

Na gesi yenyewe ni kiasi gani? Kopo lenye vyumba sita likivuta ampea 20 hutoa lita moja na kitu kwa dakika. Injini ya cc 1,500 ikikanyagwa hadi mwisho kwa mizunguko 2,500 kwa dakika inakaribia kuvuta lita 1,900 za hewa katika dakika hiyohiyo. Ukiendesha kwa upole bado ni mamia ya lita. Lita moja, katika mamia.

"Lakini rafiki yangu kafunga na mafuta yamepungua." Yawezekana kabisa. Mtu akishafunga kopo anakuwa mtu mwingine: anajaza upepo kwenye matairi, anabadilisha plagi, anakanyaga kama amebeba mayai, maana anataka kuona namba nzuri. Na kuna kitu wauzaji hawakisemi kwa sauti. Kopo mara nyingi huja na kisanduku kidogo cha kielektroniki cha kuidanganya sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi, ili kompyuta ya gari ipunguze petroli. Mafuta yakipungua, kopo linapewa sifa. Injini ikianza kupata joto kupita kiasi, fundi anapewa lawama.

Nitakubali moja, kwa shingo upande. Maji ndani ya injini yana kazi ya kweli. Ndege za kivita za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili zilipuliziwa mchanganyiko wa maji na methanoli ulioitwa MW 50, na BMW iliuza M4 GTS yenye mfumo wa kupulizia maji. Maji yale yanapoza hewa inayoingia, hivyo injini inabanwa zaidi bila kugonga, yaani bila mafuta kulipuka ovyo ndani yake. Kinachoungua bado ni petroli. Na msiniletee magari ya haidrojeni kama Toyota Mirai: yale yanajazwa haidrojeni na kutoa maji, si kinyume chake.

Kuhusu wafia dini wa imani hii, Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, aliyedai kuwa na gari la maji, hakunyamazishwa kwa kuwa alikuwa na siri. Mwaka 1996 wawekezaji wake wawili walimpeleka mahakamani, wataalamu wakakichunguza kifaa chake wakakuta elektrolisisi ya kawaida, yaani kuyatenganisha maji kwa umeme, na mahakama ikasema ni ulaghai na kumwamuru arudishe dola 25,000. Alifariki 1998, na mchunguzi wa vifo akasema ni mshipa wa ubongo uliopasuka. Daniel Dingel wa Ufilipino, aliyejitangaza kuwa na gari la maji kwa miongo kadhaa, alihukumiwa miaka 20 jela kwa utapeli mwaka 2008, akiwa mzee wa miaka 82. Hao ndio mashujaa. Ajabu ni kwamba wanaowalilia hawajawahi kumlilia mtu aliyepoteza akiba yake kwao.

Anayetaka kunifunga mdomo, njia ipo wala haina gharama kubwa. Jenereta ndogo, mzigo wa taa usiobadilika, chupa ya petroli juu ya mizani. Endesha saa nzima kopo likiwa limewashwa, saa nzima likiwa limezimwa, na swichi ishikwe na mwingine ili anayesoma mizani asijue ni ipi. Rudia mara kadhaa, bandika namba zote, hata zinazokuudhi.

Na wewe kijana uliyeuliza kwenye maoni kama chumvi inafaa badala ya kostiki soda inayotiwa kwenye kopo ili maji yapitishe umeme, ukajibiwa "inafaa sana": haifai. Maji ya chumvi yakipitishiwa umeme hutoa klorini, na hiyo utaivuta kifuani. Kostiki nayo inapofusha macho. Lile tope la kahawia linalobaki chini ya kopo baada ya vibamba vya stenlesi kuliwa linaweza kuwa na kromiamu yenye sumu, usilimwage bustanini. Na gesi inayotoka tayari imechanganyika na oksijeni yake, haihitaji hewa ya nje ili ilipuke. Cheche usiyoiona inatosha. Usiikusanye kwenye chupa. Fanyia nje, vaa miwani, na mtu asiiname juu ya mfuniko.