Siri ya Mtoto wa Bondo Itadumu Miaka Mingapi?

Mwezi uliopita nilijikuta nimechuchumaa chini ya ngazi za kliniki moja ya binafsi hapa Milimani, Kisumu, simu yenye tochi nimeing'ata kwa meno, nasoma kibandiko nyuma ya ruta. Ruta yenyewe ndiyo inayounganisha kliniki na tawi lake la Bondo. Ilinunuliwa 2014, fundi aliyeifunga alishahama mji, na neno lake la siri halijui mtu. Rekodi zote za wagonjwa zinapita humo. Mhasibu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Nilikuwa nimemwambia kwamba kompyuta za kwantamu, mashine za aina mpya zinazokokotoa kwa njia tofauti kabisa na hizi zetu, huenda siku moja zikafungua siri zinazopita humo. "Na hii kwantamu," akaniuliza, "ni nini tena mnataka kutuuzia?"

Swali lake ni la haki. Mameneja wa sacco na viwanda, kuanzia Nakuru hadi Busia, wangeuliza vivyo hivyo. Pesa za wanachama huibwa na karani aliyepewa ruhusa asizozihitaji, au kwa barua pepe ya uongo iliyofunguliwa Jumatatu asubuhi, au kwa laini ya simu iliyosajiliwa upya kijanja. Pale neno la siri likiwa jina la mji na 123 mbele yake, mwizi ana haja gani na kompyuta ya ajabu? Mwenye laki mbili za kutumia mwaka mzima heri anunue bekapu inayofanya kazi. Halafu kuna wauzaji wanaozunguka na masanduku ya "kinga ya kwantamu", bei juu, maelezo hakuna. Hao wamewachosha watu kabla mazungumzo hayajaanza.

Lakini kuna hesabu moja hainiachi nilale. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwantamu ikiwa kubwa vya kutosha itavunja RSA, njia inayotumika sana kufumba data isisomeke na wasiohusika, na tangu hapo ubishi umekuwa juu ya huo ukubwa. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba ufunguo wa RSA wa biti 2048 ungehitaji kyubiti (vipande vya msingi vya kukokotolea vya kompyuta hiyo) milioni 20 na saa 8. Mei 2025 Gidney huyohuyo, mtafiti wa Google, akaja na makadirio mapya: chini ya kyubiti milioni 1, kwa muda usiofika wiki. Wenye shaka hunikumbusha kwamba chipu ya kwantamu ya Willow ambayo Google iliitangaza Desemba 2024 ina kyubiti 105 tu. Kweli, na pengo hilo ni pana. Ila tazama kilichotokea hapo katikati. Lengo lilisogea karibu mara 20 kwa kazi ya kalamu na karatasi. Mto haukukauka, mtu kaonyesha kivuko. Kwa hiyo anayeniambia "bado miaka ishirini" namuuliza anahesabu kwa makadirio ya mwaka gani.

Hata hivyo, wanaohimiza tujiandae kwa kompyuta hizo hawaeleweki kwa sababu nyingine kabisa. Watu wanadhani hofu yao ni siku mashine itakapowashwa. Hofu yao ni leo. Data inayosafiri kwenye intaneti inaweza kunakiliwa ikiwa bado imefumbwa, ikawekwa ghalani, ikasubiri. PIN ya benki hainisumbui, itakuwa imebadilishwa mara kumi. Bei ambayo kiwanda cha chai kilipatana na mnunuzi msimu huu haitamfaa mtu mwaka 2040. Lakini Kisumu, Siaya na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi nchini. Mtoto aliyezaliwa Bondo mwaka 2025, majibu yake ya damu yakatumwa Milimani kupitia ile ruta, mwaka 2045 atakuwa anatafuta kazi, pengine na mchumba. Siri yake haibadilishwi kama PIN. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitambua kuwa data nyeti, sawa, lakini nakala ikishachukuliwa sheria haiirudishi.

Michele Mosca, mwanahisabati wa Kanada, ameliweka jambo hili kwa ufupi: chukua miaka ambayo siri inapaswa kutunzwa, ongeza miaka utakayotumia kuhamia ufumbaji mpya, kisha linganisha na miaka iliyobaki kabla mashine haijafika. Jumla ikizidi, umechelewa tayari. Kwa mtoto huyu ile namba ya kwanza peke yake ni maisha yake yote. Mpe mwenye shaka hata miaka 25, zaidi ya ile ishirini anayoidai. Kliniki bado imeshindwa.

Si kila kitu kinaungua pamoja, na hili wauzaji hawalisemi. Bekapu iliyofungwa kwa AES-256, njia nyingine ya kufumba data, iko salama, mradi ufunguo wake wenyewe haukufungwa kwa RSA. Sahihi nyingi za kidijitali zinaweza kungoja, maana kuzighushi kunahitaji mashine iwepo siku hiyo. Penye moto ni pale kompyuta mbili zinapokubaliana ufunguo: VPN, yaani njia iliyofumbwa inayounganisha ofisi kupitia intaneti, na miunganisho ya tovuti. Na dawa ipo. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vilivyoundwa kuhimili kompyuta ya kwantamu, kikiwemo ML-KEM cha kazi hiyohiyo ya kukubaliana ufunguo. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inatumia njia mseto, ya zamani na mpya pamoja, bila kuombwa tangu toleo la 9.0 la Aprili 2022; OpenSSL 3.5 ya Aprili 2025, programu inayolinda miunganisho ya tovuti nyingi, inayo ML-KEM. Uingereza imezitaka taasisi zake ziwe zimejua zina mifumo gani ya kuhamisha kufikia 2028 na zimalize kuhama 2035.

Maana yake, sehemu kubwa ya kazi ni kusasisha programu, kazi ileile inayomzuia mwizi wa Jumatatu. Ndiyo maana siwaelewi wanaogombanisha kinga ya wizi wa leo na maandalizi ya kwantamu. Tatizo ni kifaa kisichosasishika, kama kile cha chini ya ngazi.

Sikumuuzia mhasibu kitu. Tuliomba daftari la kurasa 96 pale mapokezi, tukachora safu nne: kifaa, kinabeba nini, siri hiyo idumu miaka mingapi, nani anaweza kukibadilisha. Saa kumi na moja jioni tulikuwa na mistari 14. Katika mitano, tukianzia na ruta, safu ya mwisho tuliiacha tupu.