Ukaguzi wa upepo kiwandani: kuziba mivujo au kubadili kompresa?

Bili ya umeme ikipanda na lawama ikafika chumba cha kompresa, yaani mashine inayobana hewa (upepo) ya kuendeshea vifaa, kiwanda hupata ushauri wa aina mbili. Mafundi wa matengenezo husema tuzibe mivujo, kazi ya sabuni na spana. Muuzaji wa mashine hujitolea kukagua bila malipo, na ripoti yake huishia kwenye kompresa mpya ya kasi badilifu, ambayo mota yake huongeza au kupunguza mzunguko kufuata mahitaji. Kila upande una ukweli wake, lakini wote huruka jambo moja: kompresa iliyopo inafanya nini pale mahitaji ya upepo yanaposhuka.

Chukua kompresa ya skrubu (inayobana hewa kati ya skrubu mbili zinazozunguka) inayotoa mita za ujazo 12 kwa dakika kwa presha ya bar 7. Inapobana inakula kilowati 80, inapozunguka bure, yaani mota ikizunguka bila kutoa hewa, 24. Kiwanda kinavuta mita 9, na 3 kati ya hizo ni mivujo. Mafundi wanaziba mivujo ya mita 2. Umeme unashuka kwa kiasi gani?

Kama mashine hubana kisha ikazunguka bure kwa zamu, wastani unatoka kilowati 66 hadi karibu 57. Kama ni ile inayojidhibiti kwa kufunga nusunusu valvu ya kuingizia hewa, ambayo hula takribani asilimia 70 ya umeme wake hata isipotoa hewa yoyote, unaokoa kilowati 4 tu. Kama ni ya kasi badilifu, unaokoa karibu 13. Mivujo iliyozibwa ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini kwa saa 6,000 za kazi kwa mwaka malipo yake ni yuniti 24,000 kwa mmoja na yuniti 80,000 kwa mwingine. Na hata ile 57 inategemea tangi la kuhifadhi upepo. Skrubu huhitaji nusu dakika hadi dakika nzima kushusha presha ndani ya chombo cha kutenganisha mafuta na hewa. Tangi la upepo likiwa dogo, mashine huitwa kubana tena kabla haijafika kwenye kilowati 24, na akiba unayoiona kwenye karatasi haiji kwenye bili.

Hapo muuzaji anaonekana kushinda. Tatizo ni kwamba amepima kabla ya mivujo kuzibwa, hivyo anauza mashine inayotosha kulisha mivujo. Mafundi wakija kuziba baadaye, mashine iliyochaguliwa kwa mita 9 inabaki na mita 7 mchana na 1 usiku, ile ya mivujo iliyobaki. Usiku huo iko chini ya kasi yake ya chini kabisa, inawaka na kuzima mfululizo. Tena, kiwanda ambacho kompresa yake inabana karibu muda wote hakina cha kuokoa kwa kasi badilifu, kwa sababu kidhibiti cha mota chenyewe hula asilimia chache inapokwenda kasi kamili. Na kuna akiba isiyohitaji mashine mpya: kiwanda hiki kikifungwa usiku na kompresa ikaachwa ilishe mita 3 za mivujo, inakula wastani wa kilowati 38 bila kuzalisha chochote. Funga valvu ya kutokea tangi, zima mashine.

Kwa hiyo kipimo kitangulie, na kiwe cha kilowati. Klampu mita (kifaa kinachokumbatia waya kupima mkondo wa umeme) inayosoma ampea peke yake inadanganya: skrubu inapozunguka bure, ampea hubaki juu, mara nyingi nusu ya zile za mzigo kamili, wakati kilowati zimeshuka hadi robo au theluthi, kwa kuwa pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli, nayo imeporomoka. Rekodi kilowati za fezi zote tatu kwa siku 7 pamoja na Jumapili, ukisoma kila baada ya sekunde chache. Rekodi pia presha katika sehemu nne: kompresa inapotokea, baada ya kikausha hewa na machujio, kwenye bomba kuu, na kwenye mashine ya mbali zaidi. Kisha, kiwandani kukiwa hakuna kazi, pima muda wa kubana na muda wa kuzunguka bure. Dakika 1 ya kubana na 3 za kuzunguka bure ni mivujo ya asilimia 25 ya uwezo wa mashine. Rudia baada ya matengenezo. Kifaa cha kusikiliza mivujo kinaonyesha mahali vizuri sana, lakini lita zinazotajwa kwenye skrini yake ni makadirio. Usijumlishe ukaziita akiba.

Grafu za presha ndizo zinazonishawishi kuliko orodha yoyote ya mivujo. Presha huwa imepandishwa kutoka bar 7 hadi 8 kwa sababu ya mashine moja iliyolalamika, na bar hiyo moja huongeza umeme kwa takribani asilimia 7, huku mivujo yote ikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 12. Mara nyingi chanzo kiko kwenye mita chache za mwisho: chujio lililoziba, koplingi ya haraka iliyo ndogo, mpira wa nusu inchi uliorefushwa. Badilisha hivyo, kisha shusha presha kidogo kidogo, sehemu ya kumi ya bar kwa siku.

Nairobi kuna mtego mwingine. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni karibu bar 0.82. Kompresa ya mita 12 kwenye katalogi, ikipimwa kwa mita inayosoma mita za ujazo za kawaida (nyuzi 0, usawa wa bahari), itaonyesha karibu 9 hata ikiwa mpya kabisa. Mkaguzi asiyebadili vipimo ataandika kwamba mashine imechoka. Dar es Salaam tofauti hiyo ni ndogo zaidi, ila kikausha hewa kina kazi nzito kwa sababu ya unyevu.

Je, kila kiwanda kilipie ukaguzi kamili? Hapana. Karakana yenye kompresa ya kilowati 15 inayofanya kazi mchana tu inatosheka na jaribio la usiku na ndoo ya sabuni. Kwa viwanda vikubwa vya Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilidai ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu kwa anayevuka yuniti 180,000 kwa mwaka, na utekelezaji wa angalau nusu ya akiba iliyoainishwa. Pale akiba inapodaiwa kisheria hivyo, mwenye kiwanda asikubali namba za upepo zilizotokana na kipimo cha dakika kumi. Aombe faili la rekodi za wiki nzima, jaribio la mivujo kabla na baada, na hesabu iliyotaja udhibiti wa kompresa iliyopo. Aulize pia kama akiba imekokotolewa kwa bei ya yuniti pekee au kwa wastani wa bili nzima. Malipo ya kVA, yaani yale ya kiwango kikubwa zaidi cha umeme kilichovutwa kwa mara moja, hufuata kilele cha mahitaji, na mvujo uliozibwa hauyagusi kama kilele chenyewe hakijashuka.